Wingu la Malindi Juu ya Nyari

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa uso wa karani wa forodha niuondoe ndui. Uso wenyewe ulikuwa juu ya kioo, tena kinyume, kama ilivyo kawaida ya kioo cha picha: ngozi nyeusi imetoka nyeupe, kanzu nyeupe imetoka nyeusi, na makovu ya ndui yanaonekana kama matone ya mwanga. Seth Haridas, mwenye duka la picha pale Malindi, aliniketisha kando ya dirisha, akaniwekea kioo kile juu ya kibao cha mshazari, akanipa penseli iliyochongwa ikawa na ncha ndefu kama sindano.

"Kila tone lijaze taratibu," akaniambia. "Pua usiijaze. Yule aliyekutangulia aliijaza pua."

Nilijaza matone asubuhi nzima, shingo ikanikakamaa. Karani alipokuja kuchukua picha yake alijitazama kitambo, halafu akasema kwamba huyu ndiye mtu aliyekuwa kabla hajaugua. Machozi yalimlengalenga. Nikarudi nyumbani nikiamini nimepata kazi ya kheri, na imani hiyo nilikaa nayo miaka kadhaa.

Nyinyi vijana wa leo mnaotembea na kamera shingoni mnadhani picha imekwisha kidole kikishabonyeza. Zamani zetu kubonyeza ndiyo iliyokuwa kazi ndogo kuliko zote. Kamera ilikuwa sanduku la kubebwa na mtu mzima, ikasimama juu ya miguu mitatu, na mpiga picha akajifunika kitambaa cheusi kama mgonjwa anayejifukiza. Kila picha ilikuwa na kioo chake kizito, kilichopakwa dawa inayoogopa mwanga. Kioo kiliingizwa katika chumba cha giza, kikaoshwa kwa dawa chini ya taa nyekundu, kikatulizwa kwa maji ya chumvi ya picha ili kisiendelee kubadilika, kikakaushwa, ndipo kikaja kwangu mimi, fundi wa kutengeneza. Mimi niliondoa kisichotakiwa na kuongeza kilichotakiwa. Baada yangu kioo kililazwa juu ya karatasi ndani ya fremu, fremu ikatolewa juani, na jua ndilo lililochapa.

Niliajiriwa kwa sababu ya mkono wangu. Kwetu Mambrui nilikuwa nikinakili vitabu vya dini, na mtu aliyezoea kuweka nukta za herufi kwa kalamu ya mwanzi hatetemeki upesi. Mkono wa Seth ulikuwa umeanza kutetemeka. Alikuwa akitumia dawa ya zebaki kuvitia nguvu vioo vilivyotoka hafifu, na zebaki ilikuwa imemwingia kwenye fizi na vidoleni. Yeye mwenyewe alisema ni baridi. Baridi ya Malindi! Nilimcheka siku za mwanzo, baadaye nikaacha.

Wazungu waliofika pwani walitaka picha za namna tatu: wao wenyewe wamesimama ufukweni, nguzo ya kale ya Malindi, na Nyari. Nyari ni lile bonde kuu la Marafa, kaskazini ya Mto Sabaki, ardhi iliyochongwa na mvua ikawa kuta na minara ya udongo mwekundu, mweupe na wa manjano, kavu kama jangwa. Seth alikwenda huko kila kiangazi, nami nikawa namfuata. Tulivuka Sabaki kwa mtumbwi, vioo vimefungwa katika majani makavu, tukapita Mambrui, kisha bara kwa miguu pamoja na wapagazi.

Kuipiga Nyari kulikuwa na taabu zake. Vioo vya wakati ule vilikuwa vipofu wa rangi nyekundu. Kile ambacho macho yenu yanaona kama moto, kioo kilikiona kama masizi. Mchana kuta zote zilitoka bapa na nyeusi, hujui mnara ni upi na kivuli ni kipi. Ilibidi kuwahi alfajiri, kamera isimamishwe ukingoni kabla ya jua, halafu mtu angoje. Mwanga wa kwanza kabisa nao haukufaa, kwa kuwa ni mwekundu na kioo hakiuoni. Seth alingoja mpaka jua lipande kidogo na kuzilamba kuta kwa ubavu, kila mfereji utoe kivuli chake, ndipo akaondoa kifuniko cha lenzi na kuhesabu kwa Kigujarati chini ya pumzi.

Ardhi ikitoka vizuri, anga iliharibika. Kioo kiliiona samawati kuwa nyeupe, kwa hiyo kila picha ilitoka na anga tupu, yenye mabaka. Mpiga picha aliyemkabidhi mteja anga tupu alionekana fundi mbovu. Basi Seth alikuwa na sanduku la mawingu. Alikuwa ameyapiga peke yake kwenye vioo, siku za mawingu mazuri, kutoka kwenye paa la duka. Tukichapa picha, tulikata karatasi nyeusi tukaifunika ardhi, tukaweka kioo cha wingu, tukaitoa fremu juani mara ya pili. Wingu alilolipenda kuliko yote lilikuwa na mafundo matatu na mkia uliopinda. Tuliliita wingu la Malindi, na lilikaa juu ya picha nyingi za duka letu. Hakuna aliyelalamika.

Huko Nyari tulifikia kwa Mzee Karisa wa Mwaro, Mgiriama ambaye mji wake ulikuwa ukingoni hasa, nyumba za nyasi zimejipanga juu ya genge. Alikuwa mtu wa maneno makavu. Mara ya kwanza alipoingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi na kuona bonde limepinduka juu chini ndani ya kamera, alitoka akasema, "Kumbe ndiyo maana Wazungu wanatembea kwa haraka. Wanaogopa kuanguka." Nilimpenda tangu siku hiyo.

Karibu na nyumba zile alikuwa amesimamisha kigango cha kaka yake, yaani nguzo ya mti iliyochongwa kwa heshima ya marehemu. Alinieleza kwamba kaka yake alifariki, na baadaye akawa anawatokea watu wa nyumbani katika ndoto, analalamika kuwa amesahauliwa. Walipomwekea kigango akatulia. Kigango kikishasimamishwa hakihamishwi. Watu wakihama, chenyewe hubaki.

"Ndiyo maana mimi sihami," akasema. "Nikienda nitamwacha na nani?"

Alisema hivyo kwa utani, maana wakati huo hakuna aliyekuwa amemwambia ahame.

Amri ilikuja ule mwaka vilipoanza vita vya Mjerumani. Wagiriama waliokaa kaskazini ya Sabaki waliambiwa wavuke kusini, waiache ardhi. Wengi walikataa, na pakawa na maneno makali, halafu bunduki. Katikati ya hayo alifika dukani kwetu mtu tuliyemwita Bwana Mpima, kwa kuwa alikuja na minyororo ya kupimia mashamba. Alitaka picha ya Nyari na ukingo wake iambatane na maelezo yake kwa wakubwa. Kulikuwa na maneno kwamba mji wa zamani wenye makaburi ungeweza kuachwa mahali pake. Bwana Mpima alikuwa ameshaandika kwamba ukingo wa Nyari hauna mtu.

Tukaenda naye. Alfajiri ile Mzee Karisa alituletea maji ya kunawa kama kawaida, akaketi mlangoni kwake kuangalia. Moshi wa jikoni ulikuwa unapanda, na watu walikuwa wanatoka nje wanapiga miayo. Seth alipiga kioo kimoja, na kilikuwa kioo bora kuliko vyote alivyopata kupiga. Kuta zote zilikuwa na uhai. Juu, dhidi ya anga, zilijichora nyumba za mji ule, moja baada ya nyingine, na kigango kikiwa pembeni kimesimama wima.

Tuliporudi dukani na kioo kukauka, Bwana Mpima alikitazama dirishani, akaweka ukucha juu ya nyumba.

"Hizi toa," akasema. "Na moshi. Na mti ule uliosimama. Anga iwe tupu, nitaandika majina ya mahali juu yake."

"Bwana, watu wako pale," nikasema.

"Sikukuuliza nani yuko. Seth, kesho nataka picha yangu na kioo changu."

Inafaa mjue jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jepesi, maana ndilo linalonichoma. Ili anga itoke safi, tuliipaka rangi nyekundu kwenye kioo kwa brashi, mwanga usipite. Brashi ilifuata mstari wa ardhi. Nyumba zilikuwa juu ya mstari huo. Fundi alihitaji kuishusha brashi kidogo tu, upana wa punje ya mchele, na mji mzima ukaingia angani ukapotea.

Nilimwambia Seth kuwa brashi hiyo sitaishika. Nilitarajia anifukuze. Akavua miwani yake, akaifuta.

"Bakari," akasema, "wewe ukikataa unarudi Mambrui kwa mama yako. Mimi nikikataa nafunga duka, na yule anatafuta mwingine Mombasa. Nyumba zitaondoka tu."

"Basi aziondoe huyo wa Mombasa."

"Wewe bado kijana," akasema, akachukua brashi mwenyewe. Lakini kabla hajaitia rangi aliiweka chini, akanituma nilete karatasi nzuri, ile iliyofichwa kwa ajili ya picha za harusi. Alitaka kwanza kuchapa picha moja ya kweli, yenye kila kitu. "Hii mpelekee yule mzee," akasema. "Bwana Shauri atamsikiliza Ijumaa. Aende nayo."

Bwana Shauri ndivyo tulivyomwita afisa mkuu wa wilaya, kwa sababu ndiye aliyekata mashauri ya watu. Nilifurahi hata nikambusu Seth mkono, mkono wenye harufu ya dawa. Tukafanya kazi pamoja. Seth hakuwa akijua kufanya kazi nusunusu, na picha hii aliitaka iwe heshima kwa Mzee Karisa, mtu ambaye Seth alikuwa akila nyumbani kwake. Akakata karatasi nyeusi kuzunguka kila paa, kuzunguka kigango, kuzunguka hata nyasi zilizochomoza juu ya mapaa, kwa mkasi mdogo, mkono unatetemeka na huku hakosei. Sijaona tena kazi kama ile. Halafu, kwa sababu picha ya heshima haitoki dukani na anga yenye mabaka, akafungua sanduku la mawingu akachagua lililo bora. Mimi ndiye niliyeitoa fremu juani. Si yeye si mimi, hakuna aliyeshtuka.

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Karisa alisimama uani kwa Bwana Shauri amevaa nguo safi, picha ameifunga katika kitambaa. Mimi nilikuwa naye, na Seth aliitwa aje kuthibitisha kazi yake. Bwana Mpima alitoa picha yake, ukingo mtupu na anga tupu. Mzee Karisa akaifungua yake.

"Huu ndio mudzi wangu," akamwambia Bwana Shauri, akitaja mji kwa lugha ya kwao. "Hizi nyumba zetu, na huyu ni kaka yangu. Wewe hujawahi kufika. Basi fika hapa."

Bwana Shauri hakuwa mtu mwovu. Aliisogeza picha karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu, nikaona kama imemgusa. Kisha akakunja kipaji. Akamwita mtumishi, akamwagiza nyumbani kwake. Mtumishi akarudi na picha iliyotiwa fremu: Bwana Shauri na mkewe wamesimama ufukweni Malindi. Juu yao kulikuwa na wingu lenye mafundo matatu na mkia uliopinda.

Nikamtazama Seth.

"Seth," akasema Bwana Shauri, "wingu hili ni la wapi?"

Seth angeweza kudanganya. "La Malindi, bwana," akajibu. "Lakini nyumba ni za Nyari."

Watu wakacheka, hata askari wa mlangoni. Bwana Mpima alingoja kicheko kiishe.

"Mtu anayeweza kusafirisha wingu kutoka Malindi hadi Marafa," akasema, "hashindwi kusafirisha vibanda vichache."

Seth akaanza kueleza: vioo visivyoona samawati, anga kutoka tupu, desturi ya mafundi wote duniani. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama, kwa kuwa kila neno lilikuwa ushahidi kwamba duka letu hubadilisha picha. Nami nikapiga kelele kwamba ile nyingine ndiyo iliyofutwa, nendeni mkaone kwa macho yenu. Bwana Shauri akasema Sabaki imejaa, mtumbwi hauwezi kuvusha msafara wake, na barua ya kwenda kwa wakubwa lazima iondoke. Alikasirika kwa sababu alidhani tumetaka kumfanya mjinga. Picha ya Mzee Karisa akaitia katika mtoto wa meza yake, isionyeshwe mahali pengine.

Mzee Karisa hakuelewa mpaka nilipomweleza nje ya ua. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa wingu mliliwekea nini?" akauliza.

"Ili picha ipendeze, mzee."

"Nani aliwaambia haipendezi?"

Akakikunja kile kitambaa alichofungia picha, akaondoka.

Mzee Karisa na watu wake walichomewa nyumba na askari kabla ya mvua kubwa kwisha. Sikuwepo, na sitajifanya nilikuwepo. Nilifika baadaye, kwa sababu Bwana Mpima alitaka picha nyingine, na mara hii Seth alinisihi nimsindikize kwa vile hakuweza tena kubeba hata miguu ya kamera. Tulisimama pale pale alfajiri. Hapakuwa na mtu wa kutuletea maji. Ukingo ulikuwa na duara za majivu, na kigango kilikuwa kimeungua, kimebaki kisiki cha kufika magotini. Jua likapanda, likazilamba kuta kwa ubavu, na Nyari ilikuwa nzuri vilevile. Niliichukia kwa uzuri ule.

Tulipokiosha kioo, Seth alikiinua mbele ya taa nyekundu akakikagua kutoka kona hadi kona. Akanikabidhi.

"Hiki hakina kazi yako," akasema.

Kweli hakikuwa na kitu cha kuondoa. Ile picha tupu ya Bwana Mpima sasa ilikuwa ya kweli.

Seth aliishi muda mfupi baada ya hapo. Meno yalimtoka, mikono ikakataa kushika hata kijiko, na jamaa zake wakamchukua. Mimi nilihamia Kilifi kwa mpiga picha mwingine, bwana mmoja mpole aliyependa kupiga mashamba ya wakubwa, kisha Mombasa, kwa msimamizi mkali ambaye alitupima kwa idadi ya nyuso tulizosafisha kwa siku. Niliondoa makovu, makunyanzi, makengeza, na mara moja mke aliyeachwa, kwa ombi la aliyekuwa mumewe. Nilifika kuwa fundi mkuu. Macho yaliponiishia nilipewa saa ya mfukoni na maneno mazuri, nikarudi Mambrui.

Vijana wanaokuja kunitembelea huniuliza kama tulikuwa waongo. Swali hilo hunikera, kwa kuwa wanauliza wakiwa wamekwisha kujijibu. Nawaambia yule karani wa forodha alilia kwa furaha. Nawaambia pia kwamba kazi iliyomwondolea ndui ndiyo kazi ileile iliyouondoa mji wa Mzee Karisa, na brashi haikuwa na haya. Nikiombwa nifundishe, nafundisha yote, mawingu pamoja. Halafu nawaambia wampe mtu anga yake jinsi ilivyotoka, yenye mabaka. Wananiona mzee aliyechoka.

Mzee Karisa nilimwona mara moja tu baada ya kuhamishwa. Nilikuwa bado nafanya kazi Kilifi, nikapanda hadi Kakuyuni, kusini ya Sabaki, kumtafuta. Nilimkuta analima shamba la kuazima, amekonda, na mkewe anapeta mahindi kando.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile picha yangu iko wapi?"

Nikamwambia Bwana Shauri amehamishwa na hakuna ajuaye vitu vyake vilikokwenda. Akauliza kuhusu kioo. Nikasema kilichukuliwa na Bwana Mpima, nacho kilikuwa kimepakwa rangi.

"Kwa hiyo hata kwenye karatasi hatupo."

"Hampo, mzee," nikasema. Kumdanganya sikuweza.

Akaketi chini. Akaanza kuzitaja nyumba zilizokuwa pale ukingoni, moja moja, kwa majina ya wenyewe, akizionyesha hewani kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Alipofika karibu na mwisho akasita. Kulikuwa na nyumba moja kabla ya kigango. Akamuuliza mkewe ilikuwa ya nani. Mkewe akaacha kupeta, akafikiri, akasema jina, kisha akalikana mwenyewe. Wakabishana kidogo, halafu wote wawili wakanigeukia mimi.

"Wewe uliitazama kwa karibu," Mzee Karisa akasema. "Ilikuwa ya nani?"

Niliijua nyumba ile. Nilijua paa lake lilivyoinamia upande wa bonde, na ufito uliochomoza juu ya mlango, na jinsi mkasi wa Seth ulivyouzunguka. Jina la mwenyewe sikuwahi kuuliza.